Shingo ya Kinyozi

Kinyozi huyu ukimwona kazini utaapa hana tatizo lolote. Wembe umelala kwenye koo la mtu, mkono wake umetulia, mteja anasinzia kitini bila wasiwasi. Hajui kwamba muda wote huo shingo ya kinyozi inataka kuruka, naye ameibana kwa nguvu zake zote. Utotoni walimwita Kuku kwa sababu ya shingo hiyo. Jina lilimuuma mpaka akajifunza kubana.

Kubana kunachosha, jamani! Hapo awali, akifunga duka alikuwa anafika nyumbani hoi, anavua viatu, na hapo yote yanafumuka: shingo inaruka, macho yanapepesa, koo linatoa mlio kama la mtu aliyepaliwa. Nyumbani ndiko alikopumua.

Mkewe akachoka. "Kwa wateja unatulia kama maji ya mtungini, kwangu ndiyo unanirushia shingo? Nimekukosea nini?"

"Mama watoto, sifanyi makusudi. Yanakuja yenyewe."

"Mbona kazini hayaji?"

Wakaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akawaeleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Si pepo, wala si dharau. "Anaweza kuzuia kwa muda, kama unavyozuia chafya..."

"Kumbe anaweza!" mke akadakia, uso ukamng'aa. Daktari akaendelea kusema kuzuia sana kunamtesa, lazima apate mahali pa kujiachia. Wapi! Mama wa watu alishasikia alichotaka kusikia.

Njiani akamshika mumewe mkono, kwa mapenzi kabisa. "Basi nizuilie na mimi, baba. Si unanipenda?"

Afanyeje? Maskini, akasema ndiyo.

Siku hizi akirudi anasalimia, kisha anapitiliza chooni. Anafungua bomba, maji yanapiga ndoo kwa kelele, naye anajiachia humo mpaka kichwa kinagonga ukuta na machozi yanamtoka. Halafu ananawa, anaenda kukaa na familia. Watoto wakimsemesha anaitikia tu, maana akili yote iko shingoni.

Juzi, akiwa humo chooni, alimsikia mkewe uani akimwambia jirani, "Shoga, yule daktari kiboko! Mume wangu amepona kabisa." Akacheka, kicheko ambacho kinyozi hakuwa amekisikia tangu walipokuwa wachumba.

Shingo ikaanza tena. Kinyozi akanyoosha mkono, akafungua bomba mpaka mwisho.