Divisheni Wani Kwenda Kushika Chaki

Mwaka nilioomba chuo, kila mtu Magomeni alijipa kazi ya kunishauri. Muuza mkaa, fundi cherehani, hata dada wa chipsi, wote walijua digrii inayonifaa. Nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili: kimoja Shahada ya Sanaa na Elimu, yaani ualimu, na kingine Shahada ya Sanaa ya jumla, ile ya kumfanya mtu aajiriwe popote au asiajiriwe popote. Nilitakiwa kuthibitisha moja kabla ya Ijumaa jioni. Mimi nilitaka ualimu. Nasema mapema ili anayetaka kunisikitikia aanze sasa.

"Mtu anapata divisheni wani halafu anakwenda kushika chaki?" aliuliza mama mdogo, niliyekaa kwake nikisoma kidato cha tano na sita. Hakuniuliza mimi, aliuliza mchele aliokuwa akiuchambua. Kwake yeye, na kwa wengi pale mtaani, ualimu ni kazi ya waliokosa kazi. Nilikuwa nakasirika, maana hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa anajua kusoma.

Lakini mtaa ningeuweza. Niliyemshindwa ni mama yangu mzazi, naye ni mwalimu. Amefundisha shule za msingi tangu sijazaliwa, Kisanga miaka mingi, kisha Mikumi. Alisema koo na miguu yake vimeuma vya kutosha ukoo mzima.

"Soma digrii pana," aliniambia kwenye simu. "Ukikosa kazi utachukua stashahada ya uzamili ya ualimu baadaye, mwaka mmoja tu."

Nikamwambia sitaki kuingia ualimu kwa sababu nimekosa pengine. Akakata simu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kosa langu. Namba ya kuthibitisha hutumwa kwa ujumbe kwenye simu uliyoijaza kwenye fomu, na wiki niliyojaza fomu pale steshenari, simu yangu ilikuwa kwa fundi. Nilijaza namba ya mama. Ujumbe uliingia kwake Jumatano. Alhamisi nilimpigia mara nne, kila mara akanijibu kwamba yuko kipindini. Ijumaa asubuhi nikapanda gari la kwanza la Mikumi.

Nilimkuta kweli yuko kipindini, darasa la nne, watoto wanne kila dawati. Nikamwamkia, akaitikia, wala hakuniuliza nimefuata nini. Watoto wakasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikajibu. Nilijisikia vizuri sana, mapema mno.

Mama akaniwekea chaki mkononi. "Unautaka ualimu? Leo tuna sehemu. Nusu na robo. Mimi nakaa nyuma."

Niliandika ubaoni 1/2 na 1/4 kwa mwandiko mzuri. Nikaeleza kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, nikawaambia warudie, wakarudia. Nikadhani nimemaliza. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona nne ni kubwa kuliko mbili?"

"Kwenye sehemu ndivyo ilivyo."

"Kwa nini?"

Hakuwa na ujeuri, alitaka kujua. Nikachora duara, nikaligawa vibaya, robo moja ikawa kubwa kuliko nusu niliyoichora pembeni. Nikafuta, nikachora tena. Kule nyuma wakaanza kupigana viwiko, wengine wakaimba kitu chao. Nilipaza sauti, ikakwaruza. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote niliyowahi kupewa, na sikuwa na jibu la kumpa mtoto yule.

Mama hakuja hata ubaoni. Aliuliza kutoka pale alipokaa.

"Una muwa mmoja. Unataka mgawane wawili, au mgawane wanne?"

"Wawili!" darasa zima likajibu.

"Kwa nini?"

"Upate kipande kikubwa."

"Wakiwa wawili, kila mmoja anapata nini?"

"Nusu."

"Na wale wanne?"

"Robo," akasema yule binti, kisha akacheka peke yake, akaandika kitu kwenye daftari bila kuambiwa.

Kengele ilipogongwa na watoto wakatoka, mama akasimama mbele yangu.

"Umeona? Mtoto wa miaka kumi kakushinda. Nenda kasome kitu kingine."

Aibu niliiona, sikatai. Lakini zaidi nilimwonea mama yangu wivu, kwa mara ya kwanza maishani.

"Nimeona," nikasema. "Nimeona sijui kufundisha, na wewe unajua. Sasa ulitaka nikasomee nini, ninachokijua tayari? Na hicho ulichokifanya kwa muwa, mama, mwaka mmoja hautanitosha."

Alijifuta chaki kwenye vidole, kimoja kimoja. Magari makubwa yalipita barabarani, akasubiri yapite, kama anavyofanya siku zote akiwa na la kusema.

"Koo likikuuma usinipigie mimi."

"Nitakupigia."

"Najua."

Akatoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani, akaniambia nishike yangu niandike. Akanisomea tarakimu moja moja kwa sauti ya imla, na nilipokosea moja akanirudisha mwanzo kabisa.