Ripoti ya Zamu

Tangu asubuhi Mwongeli hakutulia. Zamu ikiisha, msimamizi wa laini ya washonaji humpa meneja ripoti kwa Kiingereza, na leo, baada ya miaka kumi na mmoja ya kushona mashati katika kiwanda kile cha Athi River, yeye ndiye aliyekuwa akijaribiwa kwa kazi hiyo.

Mfukoni alikuwa na daftari la maneno ya Kiingereza ya wasimamizi waliomtangulia, yale waliyoyatamka haraka haraka: carry on, run out, catch up. Alikuwa ameyarudia chooni mpaka koo likakauka.

"Mama Nzisa, leo Kizungu kitakutoka mpaka puani!" Kavutha, mshonaji wa laini yake, alimtania kwa jina la mwanawe.

Saa kumi kasorobo, kinga ya sindano kwenye cherehani ya Kavutha, namba tisa, ilivunjika. Kavutha akaendelea kushona, kidole kikikaribia sindano.

"Sema tu tuko sawa," alimnong'oneza Mwongeli. "Usiharibu siku yako."

Meneja alifika. Mwongeli akaanza vizuri: "We ran out of thread, but we caught up," yaani uzi uliwaishia lakini walifidia kazi. Meneja akaitikia kwa kichwa, tayari kuondoka.

Mwongeli akatafuta maneno ya kueleza ile kinga. Daftarini hayakuwamo.

"Bosi, ngoja," akasema kwa Kiswahili. "Cherehani namba tisa haina kinga. Sindano itamdunga mtu. Siwezi kuwaachia wa zamu inayoingia cherehani hii."

Meneja akamwita fundi. Mwongeli akaenda kuzima swichi ya cherehani mwenyewe, bila kujua kama kesho ataitwa tena kutoa ripoti.