Siku Karasha Liliponyamaza Nisome Namba

Miaka ile dhahabu ilipovuta watu Nyangoto kutoka kila upande, mimi sikushika sururu. Nilikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta moja, printa moja, na kibao cha kusema nachapa barua na kuchora ramani. Kuchapa barua walikuwepo wengi. Ramani nilichora peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kwa mpima ardhi mmoja wa Tarime, naye kabla ya kustaafu alinifundisha programu yake ya mipaka. Nilipoanza kujitegemea niliagiza nakala yangu halali kwa wakala wa Kisumu. Binamu yangu wa upande wa Migori akanivushia boksi la programu mpakani pale Sirari. Niliiweka kwenye kompyuta, ikakubali, nikasahau habari za boksi.

Kazi kubwa kuliko zote nililetewa na akina mama waponda mawe. Mwenyekiti wao alikuwa mjane aliyezaliwa Kenyamonta na kuolewa kwetu. Kwa miaka mingi alikuwa akiponda kwa nyundo mawe yaliyotupwa kutoka kwenye mashimo ya wanaume. Sasa yeye na wenzake walikuwa wamepata kipande chao, kijiji kimewakubalia, wanataka kukiombea leseni ya uchimbaji mdogo. Tulitembea mpaka wote siku nzima kwenye miiba, mimi nimeshika kipimo mkononi, wao wanasimika mawe ya alama. Usiku wa kuamkia Ijumaa kulikuwa kumebaki kuchapa ramani tu. Jumatatu ilitakiwa iwe ofisi ya madini, maana aliyetangulia ndiye aliyepokelewa, na kulikuwa na kundi lingine linakizungukia kipande hicho hicho.

Asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, taa ikapasuka na kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Niliibeba mpaka kwa fundi mjini Tarime. Alifungua, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mazabodi imekufa," alisema, akinionyesha ule ubao mkubwa unaoshikilia vyote. "Lakini diski yako nzima. Kazi zako zote zipo."

Alifunga mazabodi nyingine, akawasha, nikaona mafaili yangu yote yamepangika kama nilivyoyaacha. Nilikaribia kumkumbatia. Nikafungua programu ya ramani, ikaniandikia kwamba leseni yangu inatumika kwenye kompyuta nyingine.

"Kompyuta nyingine ipi?" niliuliza. "Mimi ninayo hii tu."

"Hiyo nyingine ndiyo hii kabla haijaungua. Programu inakutambua kwa ubao, dada. Umebadilisha ubao, inaona mgeni." Akavuta droo, akatoa diski isiyo na jina. "Ninayo iliyovunjwa kufuli. Dakika chache tu, unachapa, unaenda zako."

Nakiri mkono wangu ulitaka kuipokea. Lakini jirani yangu wa steshenari alikuwa ameweka programu ya namna hiyo, ikaja na virusi vilivyokula mitihani ya shule nzima. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mipaka ya watu. Nikampigia wakala.

Akapokea dada mmoja, Kiswahili chake cha Kenya kabisa. "Hiyo si shida, madam. Naweza kuitoa kwa machine ya zamani nikupee code mpya. Lakini lazima unisomee namba ya kadi ilikuja na boksi. Na kesho tunafunga saa sita."

Boksi! Mama yangu alikuwa amelichukua alipokuja kunitembelea, akisema ni boksi zuri la kuwekea mbegu. Nilipanda gari la Nyarero, kwa mama, kompyuta mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja bila taarifa. Nani amekufa?"

"Kompyuta, mama. Lile boksi langu liko wapi?"

Lilikuwa juu ya dari, limejaa mbegu za maharage. Nilizimwaga zote kwenye ungo. Kadi haikuwemo. Nilikaa chini pale pale nikafunika uso.

"Unatafuta maharage gani?" mama aliuliza.

"Karatasi ngumu, mama. Ina namba nyingi."

"Sasa si ungesema!" Aliingia ndani akatoka na Biblia yake. Kadi ilikuwa katikati ya Zaburi, safi kabisa. "Niliona ina namba, nikajua ni kitu cha serikali. Sikuthubutu kuitupa."

Jumamosi asubuhi nilikuwa dukani kwangu. Akina mama walikuwa wameshasikia. Walijaa mlangoni na nyundo zao. Nikapiga simu. Yule dada alipokea, akataka kwanza nimsomee namba ya kadi, halafu ile ambayo programu iliiandika kwenye kioo. Hapo jirani mwingine, wa nyuma ya ukuta, akawasha karasha lake la kusagia mawe. Ukuta wote ukatetemeka.

"Sikusikii, madam! Umesema B ama D?"

"B! B ya bata!"

"P?"

Mwenyekiti alitoka nje, nikasikia sauti yake juu ya mngurumo wote: "Mura! Zima hiyo mashine! Tunasomewa leseni!"

Karasha likanyamaza. Wanaume wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope wakaja wakasimama nyuma ya akina mama, wakidhani labda kuna msiba. Nikasoma. B ya bata. K ya kuku. M ya mama. Sifuri, siyo herufi O. Kila nilichosema, yule dada alirudia, na akina mama nao walirudia kwa kunong'ona kama wanaitikia sala.

"Na ile machine ya kwanza," aliuliza, "uko sure hakuna mtu anaitumia?"

"Dada yangu, ubao wake ninao hapa mezani. Umeungua mpaka unanuka."

Alicheka. "Pole. Haya, andika."

Akanitajia namba mpya. Niliziingiza kwa kidole kimoja, taratibu, nikabonyeza. Gurudumu dogo likazunguka kwenye kioo kwa muda ambao sitausahau. Kisha ramani ikafunguka: mistari, alama, kijito cha upande wa chini. Mlangoni kilipigwa kigelegele ambacho nadhani hata yule dada wa Kisumu alikisikia, maana alisema, "Eh, kwani ni harusi?"

Jumatatu tulikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya madini. Karani alikagua ramani, akagonga muhuri wa kupokea. Leseni yenyewe ilichukua miezi, na kipande kile hakijamfanya mtu tajiri. Lakini siku walipoanza kuchimba, hakuna aliyewafukuza.

Wiki moja baada ya muhuri ule, mwenyekiti alikuja dukani peke yake, amevaa kitenge cha kanisani.

"Nataka kuona tena kipande chetu humo ndani," alisema. "Ila safari hii nifungue mwenyewe."

Nikamvutia kiti, nikaweka mkono wake mgumu juu ya mausi, na tukaanza.