Kaburi Lililochimbwa kwa Kufuata Mlima

Nimehudhuria mazishi mengi kuliko harusi, na siku hizi nikisikia kuna kamati ya mazishi miguu huanza kuuma kabla sijainuka. Uchovu huo ulianza na mazishi ya baba, miaka ya themanini, shambani kwetu nje ya mji wa Kitale. Siku hiyo nzima tuliimaliza tukitafuta mashariki.

Baba alikuwa mtu wa Chwele, upande wa Bungoma. Alifanya kazi miaka yote katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, akanunua shamba Kitale, akatuhamishia huko sisi na mama, yeye akiendelea na kazi yake. Alipougua aliomba jambo moja tu: azikwe hapo shambani, ila alazwe akiangalia jua linakotoka. Kwa wazee wake, mema yote yalikuja na jua. Babu yake alikuwa akitoka nje alfajiri kuliomba likichomoza, na jioni akiyaambia magonjwa yazame nalo. Kanisa nalo lilimfundisha kwamba tarumbeta italia kutoka mashariki na wafu watainuka wakielekea huko. Baba hakuona haja ya kuchagua. Wote walikuwa wakionyesha mahali pamoja.

Ombi hilo alimwachia mama, na mama alilishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenyewe.

Sasa, watu wa Bungoma wana namna yao ya kujua pande za dunia. Mlima Elgon uko kaskazini yao. Ukiuweka mkono wa kushoto, unatazama mashariki, hata kama mawingu yamefunika kila kitu. Hawalifikirii jambo hilo, wamekua nalo. Shida ni kwamba Kitale tuko upande mwingine wa mlima, na kwetu uko magharibi. Baba mwenyewe, mwaka wake wa kwanza huku, alibishana na mama kwamba jua la Kitale linachomoza kusini.

Ndugu zake walifika na lori jioni ya kuamkia mazishi, kwa sababu kaburi huchimbwa na watu wa ukoo. Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu. Sisi wanawake tulikuwa ndani na maiti. Mlima ukajitokeza kidogo, wakauweka mkono wa kushoto, wakaanza kuchimba. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyekuwa na shaka.

Saa nne jua likatoka. Jeneza lilikuwa limeshaletwa nje na watu wanapita kumwona marehemu. Mama aliinua macho akaliangalia jua, kisha akaliangalia kaburi. Akamwendea mdogo wake baba, aliyekuwa amesimama na matope mpaka magotini.

"Mulamwa," alimwambia, kwa lile neno la kumwita shemeji, "jua ndilo lile. Mzee ataangalia wapi?"

"Si mlima uko left? Tumechimba vile tunachimbanga nyumbani."

"Hapa si nyumbani."

Baba mdogo alilitazama jua, akautazama mlima, akarudia jua. Nilimwonea huruma. Alikuwa amechimba tangu alfajiri bila hata chai.

Mama alitaka lichimbwe jingine. Wazee walikataa kabisa. Kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, litaita mtu mwingine wa boma hilo hilo. Kuligeuza pia hakukuwezekana, kuta zilikuwa zikimomonyoka kwa mvua. Mchungaji, aliyekuwa na mazishi mengine mchana, alimshika mama bega.

"Mama, Mungu anajua mashaliki iko wapi. Tusichereweshe watu."

"Mungu anajua," mama alisema. "Lakini niliyeambiwa ni mimi."

Akaketi kwenye nyasi zilizolowa, na gauni lake jeusi, mbele ya watu wote. Nilimkasirikia kila mtu: wazee, mchungaji, hata baba mle ndani ya jeneza. Mtu anaombaje kitu kama hicho na kuondoka?

Mama alikuwa amewahi kulea watoto wa familia moja ya Kihindi mjini. Mwenye nyumba alimkataza kabisa kugeuza kitanda kichwa kikaelekea kaskazini, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyolazwa waliokufa. Alilikumbuka hilo akiwa pale chini. "Kila mtu ana upande wake na anaupata," aliniambia. "Ni huyu wangu tu amekosa."

Aliyetutoa hapo alikuwa jirani yetu Mwislamu, mwenye bucha, rafiki wa baba. Akija kwetu saa za swala alikuwa akitandika mkeka wake nyuma ya ghala la mahindi na kuswali akielekea kaskazini. Alikuwa amesimama kando na wanaume wengine. Akauliza kichwa kitakuwa upande gani.

"Kusini," baba mdogo akasema. "Miguu kaskazini."

"Sisi maiti hatumlazi chali. Tunamlaza ubavu wa kulia, uso uelekee kibla. Huyu akilala ubavu wa kulia kwa kaburi hili, uso wake unaenda mashariki. Na kaburi halijaguswa."

"Ati tumzike kama Mwislamu?" mmoja wa wazee akauliza.

"Si lazima kuita hivyo. Mtu amelala tu."

Wazee na mchungaji walienda pembeni kuzungumza. Niliwaona wakijipima wenyewe, mzee mmoja akinyoosha mikono kama anayelala, akijigeuza hewani ili aone uso utafika wapi. Waliporudi mchungaji alisema hajui andiko linalokataza.

Ugonjwa ulikuwa umemmaliza baba, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ndani ya jeneza. Mama na baba mdogo ndio waliomgeuza. Mama alikunja shuka akalisukuma nyuma ya mgongo wake asirudi chali, akamtengenezea kola. Kisha akasimama wima, na ndipo nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa amesimama kushoto kwa baba. Kwetu mke huzikwa kushoto kwa mumewe.

"Hata huku amenipa mgongo," alisema polepole.

Nilijua alichomaanisha. Baba alikuwa akifika mwisho wa mwezi amechoka, anakula, anaugeukia ukuta, analala. Jumatatu hayupo. Ndoa yao yote ilikuwa hivyo.

Tulimzika. Jioni, watu wakiwa wamekwenda, mama aliniambia nikae. "Siku yangu ikifika, mnichimbie ule upande mwingine," alisema. "Mbele yake."

Siku yake ilifika miaka ya tisini. Ndugu za baba walikuja tena na lori, safari hii wakaulizia jua kabla ya kushuka. Niliwaonyesha mahali. Wakasema mke ni kushoto, siku zote ni kushoto. Sikuwa na nguvu za kubishana, wala sikupiga kelele. Niliketi pale mahali penyewe nikawaambia hivyo ndivyo alivyosema, na sitoki. Nadhani nao walikuwa wamechoka. Wakachimba.

Kichwa kusini, miguu kaskazini, sambamba na baba. Nilipowaambia alazwe ubavu wa kushoto, baba mdogo aliweka jembe chini. Alikuwa amezeeka sana.

"Mtoto wangu, sasa huyu ataangalia magharibi. Huko ndiko tunatupianga magonjwa. Utamfanyia mama yako hivyo?"

"Atamwangalia baba," nikasema. "Ndivyo alitaka."

 Baba mdogo akashuka mwenyewe kaburini kulipokea jeneza.