Shujaa Arudie au Abaki?

Wakati ule nilikuwa nashona katika atelye ya mama mmoja karibu na soko, hapa Bunia. Tulikuwa wawili kwenye mashini, mimi na mwenzangu aliyetoka Butembo, na yule mama mwenye atelye alikuwa anakata vitambaa. Mchana, umeme ukiwepo, tuliegemeza telefone yake kwenye rundo la vitambaa tukafuata filamu ya vipindi.

Shujaa wake aliweza kurudi miaka ya nyuma. Mchumba wake wa kwanza alikuwa amekufa, na sasa alikuwa na mke mwingine. Je, arudi akamwokoe yule wa kwanza? Tulibishana wiki nzima.

"Arudie!" mwenzangu alisema. "Ule wa kwanza njo mapenzi yake."

"Na bibi wa sasa atamutupa wapi?" mwenye atelye akauliza, mkasi mkononi.

Mimi niliendelea kushona. Bwana wangu wa kwanza aliuawa shambani, kule Aveba. Nilifika Bunia na mfuko mmoja, na miaka ilipopita seremala mmoja akanioa. Tuna binti wa miaka minne.

Siku moja mwenzangu akanigeukia. "Na weye? Ungerudia?"

"Ningerudia asubui ile," nikasema bila kufikiri. "Ningemuambia asiende ku shamba."

"Halafu mutoto wako? Hangezaliwa."

Alikuwa anabishana tu kuhusu filamu. Lakini mguu wangu ulibaki kwenye pedali, mashini ikakimbia, na mshono wa gauni la bibi arusi ukaenda upande. Tuliufumua pamoja mpaka jioni, naye akiniambia pole mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia.

Nyumbani bwana aliona uso wangu, akauliza. Nikamweleza yote. Akajipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Kama njia iko, enda umuokoe," akasema. "Utaachaje mutu akufe?"

"Na weye?"

"Mimi sitakuwa nakujua. Sitaumia."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Hata nguvu ya kulia sikuwa nayo. Nikampakulia sombe. "Kula, inapoa."

Kipindi cha mwisho nilikisikia tu, kichwa nimekiinamisha kwenye vifungo. Shujaa alirudi nyuma, akabaki huko. Mwenzangu alipiga makofi. Mwenye atelye alizima telefone, akasema mwanaume yule hana haya. Wakaniuliza mimi nasema nini.

Nikawaomba uzi mweupe.