Marahaba Niliyomwekea Mwanangu

Mimi huamkiwa siku nzima. Nauza chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, na utingo wa malori, vijana wa bodaboda, watoto wanaotumwa chapati, wote hunipa shikamoo yangu kabla hata ya kuuliza kama maharage yapo. Naitikia marahaba hadi koo linakauka. Ila mtoto niliyemzaa mwenyewe, binti yangu wa pekee, alikuwa hajawahi kuniamkia hata mara moja.

Si bubu, msianze. Maneno anayo: uji, twende, sitaki. Hilo la sitaki analijua vizuri kweli. Ana usonji. Daktari alinieleza taratibu nikaelewa, nikarudi kuwaeleza watu, hawakuelewa. Kwetu mtoto asiyeamkia hana shida yoyote, ana mama mbaya. Shemeji yangu aliniambia mbele ya wateja, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Nikamjibu huo ulimwengu uje basi umfunze, mimi nimechoka, na yeye chai akanywe kwingine.

Darasa la kwanza alilianzia Mikumi. Wiki ile ile lori likapiga honi wanafunzi wakiwa mstarini, binti yangu akaziba masikio, akatoka mbio, na mbio zenyewe zikaelekea barabarani. Muuza mahindi ya kuchoma ndiye aliyemdaka. Nikampeleka kwa mama yangu Kilosa, ambako malori si mengi, mimi nikabaki na masufuria yangu kwa sababu bila masufuria hatuli. Jamani, nyumba aliyotoka mtoto! Kila asubuhi nilijikuta nakoroga uji wa watu wawili.

Kule Kilosa mwalimu wake alikuwa mama mtu mzima, mwenye utaratibu wake. Asubuhi watoto hupanga foleni mlangoni, kila mmoja anamwamkia, anaitikiwa, ndipo anaingia kukaa. Wangu alifika mlangoni akanyamaza. Akaambiwa asubiri. Akasubiri hapo kizingitini hadi mapumziko, akichezea komeo. Kesho yake vile vile. Mama yangu aliponiambia, nilimpigia mwalimu simu mwiko ukiwa bado mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu hana kiburi, ana usonji."

"Marahaba. Nimeambiwa, mama. Lakini nina watoto darasa zima. Nikimwacha mmoja apite kimya, kesho wote watapita kimya. Mfundisheni hata kidogo tu, nami nitampokea."

Nikafunga banda, nikapanda gari la Kilosa.

"Sema shikamoo mama," nikamwambia.

"Sema," akajibu, huku akiangalia hereni yangu.

Nikamwonyesha biskuti. Akachukua biskuti. Mama yangu alicheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Nilikuwa nalitaka neno lile, na si kwa ajili ya shule tu. Nililitaka litoke kwake lije kwangu, kama watoto wa wenzangu wanavyowapa mama zao kila siku bila kufikiri.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe, nikasimama pembeni. Mbele yake kwenye foleni alikuwa binti wa wafugaji wanaokaa njia ya Rudewa. Wafugaji nawajua mimi. Ng'ombe wao walimaliza mahindi ya mama yangu msimu uliopita, na mdomo wangu kuhusu jambo hilo mtaa mzima umeusikia. Kwao mtoto humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, mkubwa naye humgusa utosini. Mwalimu alishawazoea. Yule binti akainama, akasema shikamoo, akaguswa, akaingia.

Wangu akasogea. Akainamisha kichwa.

Sasa, mwanangu haguswi kichwa. Kumnyoa ni vita, mpaka majirani hutoka nje kuuliza kuna nini. Nikataka kupiga kelele kwamba mwalimu asimguse. Mwalimu akaweka kiganja taratibu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Akapita. Akakaa dawati moja na yule binti, wala hakugeuka nyuma kunitazama.

Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Na wivu ukanikaba hapo hapo. Marahaba niliyoiweka miaka yote hiyo, mwalimu kaitoa asubuhi moja tu!

Mchana nikamsubiri uani, mkono nimeunyoosha. Akanipita, akaenda kwenye uji. Kesho yake akanipita tena. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua macho, "Shuleni kuna foleni. Hapa amfuate nani?"

Nilimwelewa, na sikupenda hata kidogo. Lakini siku ya kurudi Mikumi ilifika, na nilikuwa sina namna. Nikaenda hadi getini mwa shule, nikamwita yule binti wa wafugaji. "Mwanangu, leo pitia kwetu, mnywe uji na mwenzio."

Mlangoni kwa mama yangu nikatangulia, nikageuka, nikasimama. Binti wa watu akasogea kwanza, akainama. "Shikamoo mama." Nywele zake zilikuwa na vumbi la ile njia ndefu ya kwao. Nikamgusa. "Marahaba, mwanangu," nikasema, na nikaisema vizuri, maana nyuma yake kulikuwa na mtu.

Wangu akasogea. Akainama.

Utosi wake ulikuwa wa moto kwa jua. Sikumwambia aseme kitu. "Marahaba," nikasema, "marahaba mama yangu, marahaba sana," mpaka akachoka, akakitoa kichwa chake, akaenda kwenye uji.

Nikangoja labda atarudi. Mkono wangu ulibaki pale pale, kwenye kimo chake, hadi mama yangu akaniambia gari litaniacha.