Duara la chaki

Hata siku ya mapumziko, fundi cherehani hakuvua utepe wake wa kupimia shingoni. Alipima mara tatu kutoka jiko jipya la kauri la kuchomea nyama, lenye mfuniko mzito, hadi ukutani, akaanua nguo zote kambani, kisha akalizungushia jiko duara kwa chaki ya kukatia nguo. "Mtu asivuke hapa." Mdogo wa mumewe alicheka hadi akashika mbavu. "Shemeji, tumekuja kula nyama au kupimwa suruali?" Vidole vya fundi vyenye alama za sindano vilikuwa vikiyabana matundu ya hewa taratibu, ili moto wa kwanza uwe mdogo na kauri isipasuke.

Njaa ilipomzidi, shemeji aliruka chaki na kushika mpini wa mfuniko, uso juu yake. Utepe ukamchapa mkononi. "Rudi nyuma! Moto uliobanwa pumzi ukiufungulia ghafla, unakurukia." Fundi akasimama pembeni, akainua mfuniko upana wa kidole, akangoja. Ulimi wa moto ukachomoka puu! pale pale ulipokuwa uso wa shemeji, ukarudi ndani. Shemeji akapapasa nyusi zake, zilikuwepo. Akatazama mahali kiatu chake kilipofuta mstari.

"Shemeji, niazime hiyo chaki," akasema, akainama, akauchora upya, shubiri moja nje zaidi.